Sauti ya Wimbo wa Tatu

Machi 11

Mvua imeanza rasmi. Kibanda changu kina bati tupu, dari hakina, na ikinyesha hata ukinipigia honi ya lori sikioni siambulii kitu. Fundi wa redio asiyesikia ni sawa na mpishi mwenye mafua. Basi nimetoa shajara hii niliyopewa na muuza vipuri mwanzoni mwa mwaka, ambayo kazi yake mpaka leo ilikuwa kufunikia kikombe cha chai, nikaamua niandike.

Mchana mke wangu alikuja na deki ya sidii ya baba yake, kaiweka kapuni, kaifunika taulo. Droo ya kuingizia sidii haifunguki.

"Tengeneza mlango tu," akasema. "Kingine usiguse."

"Kama ni mlango tu si ungeipeleka kwa seremala?"

"Sikutanii. Mlango tu. Nakujua wewe."

Nikamwambia sawa, mama. Akaondoka na mwavuli wangu.

Machi 12

Mkanda wa droo ulikuwa umelegea. Nimeweka mwingine, na chai haikuwahi hata kupoa. Sidii ilikuwa imebaki ndani. Ni ile ile, kwa sababu mkwe wangu hana nyingine.

Mzee alikuwa mpima ardhi hadi alipostaafu. Marehemu mkewe alikuwa muuguzi, na wauguzi wa hospitali yao walikuwa na kwaya. Hospitali ilipofanya maadhimisho yake wakarekodi sidii moja, na kwenye jalada wamepigwa picha wote na sare zao, mama mkwe yuko mstari wa pili. Ametutoka miaka sita sasa. Tangu hapo, kila siku baada ya chai ya alasiri, Mzee hukaa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, akamsikiliza. Ukimkuta, kaa kimya. Wimbo wa tatu ukifika mwisho, kwaya nzima hunyamaza na mwanamke mmoja hubaki peke yake, anarudia maneno ya mwisho taratibu: asubuhi si mbali. Hapo Mzee hunyanyua kidole. "Huyo," husema. "Mnamsikia?" Nasi huitikia kwamba tunamsikia. Hata wageni hufundishwa kuitikia.

Machi 13

Mvua. Nimeuza betri mbili.

Machi 15

Leo kumekauka kwa saa chache, nikaijaribu deki ya Mzee kwa spika zangu nzuri. Masikini wa Mungu! Sauti ina ukungu kama kioo cha bafuni. Waimbaji wamekuwa uji mmoja, huwezi kumtofautisha huyu na yule. Na huyu mzee wa watu amekuwa akimtafuta mkewe humo ndani miaka yote hii.

Nikafungua kifuniko. Kumbe ni kama nilivyodhani. Sauti ikisomwa kwenye sidii hutoka dhaifu, na kuna chipu mbili ndogo nyeusi, kila moja ina miguu minane, ambazo kazi yake ni kuisafisha na kuipa nguvu kabla haijaenda kwenye spika. Wenyewe huziita op-amp. Hizi alizonazo Mzee ni za bei ya chini kabisa, za kiwanda kilichotaka kumaliza kazi kikalale. Ukitoa hizi ukaweka nzuri, ukabadilisha na kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizokauka pembeni yake, deki hii hii itaimba mpaka utafute leso.

Mke wangu kasema mlango tu. Nimemsikia. Lakini nami ni mtu. Tangu nioe katika nyumba ile mkwe wangu hajawahi kuniambia "kazi nzuri" hata siku moja. Nilimtundikia rafu ya vitabu, akaja na pima maji yake ya kazini akaiweka juu. "Imeinama kidogo upande wa dirisha," akasema, kisha akapanga vitabu. Huniita Fundi, na ukimsikia anavyolitamka utadhani ni swali. Sasa nataka siku moja tu alijibu mwenyewe hilo swali.

Machi 18

Nimekwenda kwa muuza vipuri. Chipu bandia zimejaa mjini, zimefutwa namba zikapigwa muhuri upya, kwa hiyo tulikaa naye tunazisugua kwa pamba na spiriti, moja moja. Mbili hazikuchuja wino. "Hizi ukiziweka," akaniambia, "utasikia mpaka mwimbaji anavyomeza mate." Nikamwambia ndizo ninazozitaka.

Machi 19

Mke wangu ameuliza deki imefikia wapi. Nimesema nangoja mkanda. Mvua kutwa.

Machi 22

Nimefanya. Ukitaka kuzing'oa chipu za zamani zikiwa nzima, utaunguza njia za shaba kwenye bodi, nayo bodi ikishababuka hairudi. Kwa hiyo mimi huikata miguu yote kwa koleo dogo, mwili unadondoka, kisha naondoa miguu mmoja mmoja kwa moto kidogo. Bodi inabaki safi kama haijaguswa. Chipu za zamani nimezifagia pamoja na vipande vya waya, nikazitupa. Mpya zimekaa kwenye soketi kama zilizozaliwa humo. Nimepima umeme, uko sawasawa. Nimefurahi peke yangu kama mwehu.

Machi 23

Jamani! Nimesikiliza wimbo wa kwanza na wa pili, ukungu wote umekwenda. Unasikia pumzi zao kabla ya kuanza. Unasikia kiti kinasogezwa. Na kuna mwanamke mmoja kule kushoto, kila akifika kwenye herufi s, inapiga mluzi mwembamba, ina maana ana pengo la jino la mbele! Sidii imebeba pengo la mtu muda wote huu na hakuna aliyejua. Nilicheka mpaka jirani muuza viatu akachungulia.

Wimbo wa tatu sikuusikia. Ulipoanza tu, mvua ikashuka juu ya bati na mchezo ukaishia hapo. Si kitu. Mzee ndiye atakayeufungua.

Machi 25

Nimemwambia mke wangu. Nilitaka awe amejiandaa kunisifu. Badala yake ameacha kukunja nguo akaniangalia.

"Umefanya nini?"

"Nimeiongezea uwezo. Utaona baba yako atakavyofurahi."

"Nilikwambia mlango."

"Na mlango pia nimetengeneza."

Akarudia kukunja nguo, kwa nguvu zaidi. Nikadhani ni ile hasira ya mtu ambaye hakusikilizwa, itapita.

Machi 26

Tumerudi kutoka kwa Mzee.

Leo hakukunyesha. Tangu asubuhi jua kali, na pale kwa Mzee mtaa mzima umetulia, wala mbwa hakubweka. Laiti ingenyesha. Wiki mbili mvua imenizuia kusikiliza, leo siku ambayo ningeihitaji haikutokea.

Langoni tulikutana na Matroni, jirani wa Mzee, aliyekuwa mkuu wa wauguzi pale hospitalini kwa mama mkwe enzi hizo, sasa naye amestaafu. Akatusalimu vizuri tu. "Sasa mmefika salama?" Na kila s yake ikapiga mluzi. Nikasimama pale na deki mkononi, nikatabasamu kama mtu aliyeokota kitu. Kumbe ni yeye! Pengo lile la kwenye sidii ni la Matroni! Nikajisemea moyoni, huyu nitamwambia, atafurahi. Lakini kwanza Mzee.

Mzee alikuwa ameshakaa. Nikaunganisha waya, nikaweka sidii, nikabonyeza. Wimbo wa kwanza, Mzee akainua nyusi. Wa pili, akasogea mbele kwenye kiti. Akageuka kunitazama mara moja, na naapa nilimwona anataka kutabasamu. Mke wangu alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani. Nikamkonyeza. Hakunikonyeza.

Wimbo wa tatu ukaenda hadi mwisho. Kwaya ikanyamaza. Mzee akanyanyua kidole. Na yule mwanamke akabaki peke yake, safi, kama yuko sebuleni nasi: asubuhi si mbali. S ya kwanza ikapiga mluzi, ya pili ikapiga mluzi.

Na mimi, mdomo wangu huu, nikasema kwa sauti, "Unasikia, Baba? Hata pengo la Matroni linasikika!"

Ndivyo nilivyosema. Miaka yote hiyo nimekiona kile kidole, najua maana yake, na bado nikasema. Nilikuwa nasikiliza chipu, sikuwa nasikiliza wimbo. Fundi anasikia mluzi, hasikii ni nani anayeimba.

Kidole cha Mzee kilibaki juu. Wimbo wa nne ukaanza, bado kiko juu. Halafu akakishusha polepole, akachukua rimoti, akarudisha nyuma. Asubuhi si mbali. Akarudisha tena. Asubuhi si mbali. Mara ya tatu alifumba macho.

"Mama yako," akamuuliza mke wangu bila kufumbua, "alikuwa na pengo?"

"Hapana, Baba."

"Hakuwa nalo, eh?"

"Hakuwa nalo."

"Nilidhani labda nimesahau."

Akabonyeza kitufe. Droo ikafunguka taratibu, laini, haikukwama popote. Akaitazama, akaisukuma ndani, akaifungua tena.

"Mlango umetengenezeka vizuri, Fundi," akasema. "Kazi nzuri."

Njia nzima mke wangu alitembea mbele yangu.

Machi 27

Hasemi nami. Ana haki.

Machi 28

Amesema. Alikuwa anakata vitunguu, hivyo sikujua machozi ni ya nini, wala sikuthubutu kuuliza.

Kumbe kile kipande cha mwisho kilikuwa cha mama yake kweli. Yeye ndiye aliyepewa, na alikifanyia mazoezi nyumbani wiki nzima akiwa anafua, anapika, anachana nywele, mpaka kila mtu nyumba nzima alikuwa amekikariri. Siku ya kurekodi akaamka kakaukiwa na sauti, Mzee yuko safarini kupima mashamba. Hata "maji" hawezi kutamka. Matroni akamwambia simama nasi ufungue mdomo, picha isipungue mtu, kipande nitakiimba mimi kama ulivyonifundisha. Akasimama, akafungua mdomo, hakutoa hata herufi.

"Sidii ilipotoka," mke wangu akasema, "Baba alikwenda kuinunua kabla hajaambiwa. Akaiweka. Kipande kilipofika akanyanyua kidole, akasema, huyo, mnamsikia? Mama alikuwa amebeba sinia. Akamtazama, akaona alivyofurahi, akaniangalia mimi. Jikoni akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mwache baba yako, ukimwambia utamharibia siku. Alikuwa anangoja siku nzuri amwambie mwenyewe, wacheke wote. Haikupatikana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" akasema. Kisha akashusha kisu. "Nilikwambia mlango tu."

Nilikuwa nimemweka mke wangu katika fungu la watu wasiojua ubora wa kitu. Kumbe yeye ndiye alikuwa anajua deki ile ni ya nini.

Machi 30

Mvua imerudi. Sasa imerudi.

Aprili 2

Mzee amekuja kibandani mwenyewe, kwa miguu, mvua inanyesha, deki ameifungia kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti lake. Yeye amelowa, deki kavu. Nikampa kiti na taulo. Taulo alilitumia kufutia deki.

"Rudisha zile za zamani," akasema. Ilibidi apaze sauti kwa ajili ya bati.

"Baba, nitaweka nyingine kama zile."

"Sikusema kama zile. Nimesema zile."

Nikamwambia ukweli. Nilizikata miguu, na takataka zilishabebwa. Hakuonekana kukasirika, na afadhali angekasirika.

"Kwenye kazi yetu," akasema, "jiwe la mpaka huling'oi mpaka uwe na uhakika huna haja nalo tena. Ukiling'oa, hata wewe mpimaji hujui tena palikuwa wapi."

"Nisamehe, Baba."

"Hujanikosea kitu. Umetengeneza. Ndiyo kazi yako." Akasimama, akavaa koti lake lililolowa. "Jaribu tu."

Nilitaka kumsindikiza na mwavuli, akakataa. Nilimtazama anavyozunguka madimbwi, mgongo umenyooka, mpaka alipopinda kona.

Aprili 5

Nimepekua deki mbovu zote nilizorundika nyuma. Hamna.

Aprili 9

Muuza vipuri kanicheka. "Watu wanakuja kutafuta nzuri, wewe unatafuta mbaya?" Nikamwambia ndiyo, tena mbaya hasa. Alipoona sicheki, akaenda stoo, akarudi na deki iliyoungua transfoma, ndugu wa ile ya Mzee, kiwanda kimoja. Chipu ni zile zile, namba ile ile. Alinipa bure. Leo sikukata miguu. Nilikaa nazo mchana kutwa, nafyonza risasi ya kulehemu tone kwa tone, zikatoka nzima.

Aprili 12

Zimewekwa. Kulipokauka nikasikiliza wimbo wa tatu. Mluzi umepungua lakini bado upo, kwa mbali. Nikakumbuka nilibadilisha na kapasita. Au labda sikio langu ndilo limeshajua pa kuutafuta.

Aprili 14

Leo nimefanya jambo ambalo fundi yeyote angeninyang'anya koleo. Nimeongeza kapasita mbili makusudi ili zimeze sauti nyembamba zote, s na f na sh, zisifike kwenye spika. Maisha yangu yote nimekula kwa kuondoa ukungu, leo nimekaa naupaka. Niliupaka mpaka kwaya ikarudi kuwa uji. Mluzi ukafa kabisa. Ungeapa ni mama mkwe.

Nilikaa pale nikasikia uchungu ambao sikuwahi kuusikia kwa sababu ya mashine.

Aprili 15

Tumeipeleka. Mzee alisikiliza toka mwanzo. Wimbo wa tatu, mwisho, kwaya ikanyamaza. Asubuhi si mbali. Mimi na mke wangu tulikuwa tunatazama mkono wake tu. Ulikaa juu ya goti.

"Umeificha s," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Umejitahidi sana." Akazima. "Lakini mimi nishajua ni nani. Hata ungeziba zote, ni Matroni aliyezibwa."

Mke wangu akapiga magoti pale kando ya kiti, akamweleza yote: kukaukiwa na sauti, picha, sinia, kicheko cha jikoni. Nilidhani atakasirika kwamba alifichwa. Hakukasirika. Alisikiliza kama anayepokea vipimo vya shamba, akauliza maswali mawili matatu. Alisimama wapi? Mdomo aliufungua kweli? Alicheka kwa muda gani?

"Basi yumo," akasema mwisho. "Yumo, ila amenyamaza."

Aprili 21

Leo nilipita kwa Mzee kumpelekea balbu. Matroni alikuwa nje, akasalimia kupitia dirishani kama alivyozoea miaka yote. Mzee akainuka, akafunga dirisha. Alilifunga kwa adabu, taratibu, lakini alilifunga.

Matroni akanifuata mpaka barabarani. Ni mwanamke mkubwa, aliyeamrisha wodi nzima, leo amesimama kwenye tope anasokota ncha ya khanga.

"Mwanangu, nimemkosea nini? Siku hizi hataki hata salamu yangu."

Nikamwambia. Sikuweza kumdanganya. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mungu wangu! Kumbe alikuwa hajui? Sisi tulidhani walishachekeana wenyewe siku nyingi." Akashusha kiganja. "Nilimwimbia kwa upendo, mwanangu. Nilijaribu kufanana naye. Alikuwa amesimama pembeni yangu, ananibonyeza mkono pale pa kuvuta."

"Najua, mama."

"Mwambie nitakuwa nanyamaza nikipita."

Nikaondoka. Nilikwenda kumtengenezea mtu mlango, nimeishia kumfungia dirisha.

Aprili 27

Mvua tangu alfajiri. Zamani mvua kama hii Mzee angelalamika kwamba inamzuia kusikiliza. Mke wangu anasema hajalalamika.

Mei 1

Redio tatu, pasi moja. Mteja mmoja ameniomba nimwekee chipu bora kwenye deki yake. Nimemuuliza anasikilizaga nini humo, na nani. Amenishangaa. Nimemwambia arudi wiki ijayo.

Mei 4

Mke wangu amenikalia karibu leo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema, "Si wewe peke yako. Ningeweza kumwambia tangu zamani." Nikasema si kweli. Akasema, "Ndiyo, si kweli," na tukacheka kidogo, kicheko cha watu wenye msiba.

Mei 9

Mvua zinaishia. Siku nzima nimesikia vizuri na sina ninachotaka kusikia.

Mei 12

Alasiri nilikwenda kwa Mzee peke yangu. Mke wangu ana homa. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, chai imebaki nusu, deki kaifunika kitambaa. Dirisha limefungwa. Nikakaa. Tukatazama ukuta pamoja.

"Fundi," akasema, "nataka kukuuliza jambo. Usimwambie mkeo."

"Sawa, Baba."

"Siikumbuki sauti yake."

Nikasogeza kiti karibu.

"Nimekuwa nikiisikia kila siku, sikuona haja ya kuiweka popote. Sasa nikimwita kichwani, anaitika yule wa kwenye sidii. Nikisema hapana, mwingine, anaitika yule yule. Namwona uso, namwona mikono. Akifungua mdomo, inatoka ya Matroni. Nimemwondoa yeye nikaweka mtu mwingine, na nimefanya hivyo mwenyewe kila siku baada ya chai." Akanigeukia. "Wewe unaikumbuka?"

Nilitaka kufa. Mama mkwe nilimjua miaka michache tu, na mbele yake nilikuwa naona haya, naitikia ndiyo mama, hapana mama. Nikatafuta. Ikaja sentensi moja. Moja tu.

"Nakumbuka siku ya kwanza nilipofika hapa," nikasema. "Nilikuwa na viatu vipya, natetemeka. Alikuwa ametoka kusugua sakafu. Akaniambia, 'Wee kijana, pita huku. Hapo pamelowa, usije ukavunjika mguu kabla hatujakupa mke.'"

Mzee alinikazia macho.

"Hivyo ndivyo alivyosema?"

"Maneno ndiyo hayo, Baba. Sauti ndiyo sina."

"Yasema tena."

Nikayasema tena, mimi na sauti yangu hii ya kibandani, nzito, iliyoharibiwa na moshi wa risasi. Wee kijana, pita huku. Nikaona aibu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja mbele, kama alivyokuwa akiisikiliza deki.

"Hapana," akasema. "Una haraka. Yeye hakuwa akiyakimbiza maneno. Hapo kwenye 'pamelowa' angevuta."

"Hapo pameloowa," nikasema.

"Si sana hivyo."

"Hapo pamelowa."

Akatikisa kichwa. Akafumba macho. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, na nikaona kidole kinajaribu kunyanyuka, kikatua.

"Siyo yeye," akasema. "Lakini sema tena."

Nikasema tena.